Kila siku, siku nne kwa wiki, au sindano kila miezi miwili? Namna ya kulinganisha ratiba za dawa za VVU

Mvuvi mmoja aliyekuja kuchukua dawa zake kwenye dirisha la famasia ya CTC (kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU) alitoa simu mfukoni akaniwekea ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye kundi lao la WhatsApp. Msemaji alidai kwamba huko Ulaya watu wanaoishi na VVU wanameza dawa siku nne tu kwa wiki, siku tatu wanapumzika, na vipimo vyao viko safi. Ujumbe ulipokwisha akaniuliza, "Sasa dokta, sisi mbona mnatubana kila siku?" Swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa ujumbe ule ulikuwa na ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ulikuwa umekatwa kichwa na mkia. Dirishani, foleni ikiwa imefika hadi kwenye benchi la nje, nilimjibu kwa kifupi tu. Hapa nitamjibu kwa kirefu.

Ratiba ya dawa inatokana na mwendo wa dawa yenyewe mwilini. Kiasi cha dolutegraviri kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 14 hivi. Lamivudini, ikishaingia ndani ya chembe hai na kugeuzwa kuwa umbo linalofanya kazi, hupungua kwa nusu katika muda usiotimiza siku moja, ilhali tenofoviri ikifika humo hukaa kwa siku kadhaa. Dawa hizi tatu ndizo zilizomo katika kidonge kimoja cha TLD ambacho wengi wa wateja wetu wanakitumia: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Ukimeza leo na kesho kwa wakati uleule, kiwango cha kila moja hubaki juu ya kile kinachohitajika kuvizuia virusi visizaliane. Mtu akiacha kabisa, virusi vilivyojificha katika chembe za kinga huanza kuonekana tena kwenye damu, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kwa hiyo ratiba ni mali ya mchanganyiko fulani wa dawa, na haihamishwi kutoka mchanganyiko mmoja kwenda mwingine kama mtu anavyohamisha laini ya simu.

Waliotangulia walibeba mzigo mzito zaidi. Zidovudini ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987 ilimezwa kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Mwaka 1996, matibabu ya dawa tatu yalipoanza kuokoa maisha, waliotumia indinaviri waliimeza kila baada ya saa 8, tumbo likiwa tupu, na walitakiwa kunywa angalau lita moja na nusu ya maji kwa siku ili wasipate mawe ya figo. Hapa Tanzania, huduma ya ARV ilipoanza kusambazwa kitaifa mwaka 2004, wengi walianzishwa stavudini, lamivudini na nevirapini katika kidonge kimoja, wakimeza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Hata hivyo, katika siku 14 za kwanza kidonge chenye nevirapini kilimezwa mara moja tu kwa siku, na jioni kilitumika kingine kisicho nayo, ili kupunguza hatari ya vipele vikali. Baadaye mchanganyiko wenye efavirenzi ukaleta kidonge kimoja kwa siku, ambacho kilimezwa wakati wa kulala kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto za ajabu. TLD imeondoa hata hilo: inamezwa saa yoyote, umekula au hujala, mradi saa hiyo isiwe ya kubahatisha.

Je, mara moja kwa siku ni bora kuliko mara mbili? Watafiti waliunganisha majaribio 19 yenye washiriki zaidi ya 6,000, na matokeo yalitoka mwaka 2014. Waliomeza mara moja kwa siku walizingatia dawa zao zaidi kidogo kuliko waliomeza mara mbili, tofauti ikiwa kama asilimia mbili na nusu, lakini katika kufubaza virusi, yaani kuvipunguza hadi visionekane kwenye kipimo cha damu, makundi hayo yalikaribiana sana. Kilichoonekana kuwa na uzito zaidi ni idadi ya vidonge: kadiri vilivyozidi kuwa vingi, ndivyo watu walivyozidi kuviacha na virusi kuongezeka. Binafsi sikushangaa. Kidonge kimoja cha usiku kinaweza kubaki nyumbani kabatini, wakati dawa ya mara mbili hulazimika kusafiri na mwenyewe kwenda kazini, msibani na harusini, na kopo la plastiki likiwa ndani ya mkoba hulia kama kayamba. Nimeona watu wakimwaga vidonge vyote kwenye mfuko wa nailoni wakiwa bado getini na kulitupa kopo pamoja na kifuko chake cha kunyonya unyevu. Ninawaambia wajaze pamba safi juu ya vidonge na kufunika vizuri, kwa maana dawa iliyoingia unyevu haifai hata ikimezwa kwa saa yake.

Sasa tuje kwenye siku nne za Ulaya. Wazo hilo lilianzia Garches, karibu na Paris, ambako daktari Jacques Leibowitch alianza mwaka 2003 kuwapunguzia wagonjwa wake siku za kumeza dawa hatua kwa hatua. Baadaye Ufaransa ilifanya jaribio kubwa lililoitwa QUATUOR, likiwa na watu zaidi ya 600 waliokuwa wakitumia dawa tatu na ambao virusi vyao vilikuwa vimefubaa kwa angalau mwaka mzima. Nusu walimeza siku zote saba, nusu siku nne mfululizo kisha wakapumzika tatu. Baada ya wiki 48, matibabu yalikuwa yamefanikiwa kwa karibu asilimia 96 ya waliopumzika na asilimia 97 ya wasiopumzika. Virusi viliwashinda watu 6 katika kundi la kwanza na 4 katika kundi la pili. Ni matokeo mazuri, na sina sababu ya kuyaficha.

Lakini ujumbe wa WhatsApp haukusema kwamba watu hao walichaguliwa, kwamba wingi wa virusi vyao ulipimwa mara kwa mara katika kipindi chote cha utafiti, na kwamba siku za kupumzika zilikuwa zilezile kila wiki, si zile ambazo mtu amesahau au amekwama safarini. Tena haukusema lolote kuhusu jirani zetu wa Uganda, ambao walilijaribu jambo hili kabla ya Wafaransa hawajachapisha matokeo yao. Huko watu wazima 146 waligawanywa makundi matatu: waliomeza kila siku, waliomeza siku tano na kupumzika mbili, na waliomeza siku saba na kupumzika saba. Kundi la saba kwa saba lilisimamishwa mapema kwa sababu virusi viliwarudia wengi mno, ilhali kundi la tano kwa mbili lilikwenda sambamba na la kila siku. Jaribio jingine la siku tano kwa mbili, BREATHER, lilihusisha watoto na vijana 199 wa miaka 8 hadi 24 katika nchi 11, Uganda ikiwamo, wote wakitumia mchanganyiko wenye efavirenzi, nalo halikuonyesha madhara ya mapumziko ya wikendi katika wiki 48. Siri iko kwenye efavirenzi yenyewe, ambayo huchukua kama siku mbili kupungua kwa nusu. Siku mbili bila kumeza haziimalizi mwilini. Siku saba huiacha ikififia peke yake huku wenzake wameshaondoka, na kirusi kinachokutana na dawa moja dhaifu ndicho kinachojifunza usugu.

Kupumzika kwa muda mrefu zaidi ni habari nyingine kabisa. Katika utafiti wa SMART, uliohusisha watu 5,472 katika nchi 33, kundi moja liliacha dawa kila CD4 (chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) zilipokuwa juu na kurudia zilipoteremka. Ulisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu walioacha waliugua na kufa zaidi, na kati ya maradhi yao yalikuwamo ya moyo, figo na ini.

Kuna njia nyingine ya kurahisisha, ambayo ni kupunguza dawa na kuziacha siku kama zilivyo. Majaribio mawili yaliyoitwa GEMINI, yenye watu wazima zaidi ya 1,400 waliokuwa ndio wanaanza matibabu, yalilinganisha dolutegraviri na lamivudini peke yake dhidi ya dawa tatu. Wiki ya 48 virusi vilikuwa vimefubaa kwa asilimia 91 ya waliomeza dawa mbili na asilimia 93 ya waliomeza tatu. Hata hivyo mchanganyiko huo wa dawa mbili humezwa kila siku, na kumbuka kwamba aliyeondolewa ni tenofoviri, yule anayekaa siku kadhaa ndani ya chembe. Mtu anayechukua siku nne za QUATUOR na kuzifunga kwenye dawa hizi mbili anajifanyia jaribio lake mwenyewe. Zaidi ya hayo, mwenye homa ya ini aina ya B hapaswi kupewa mchanganyiko huu, kwani tenofoviri ndiyo inayomlindia ini.

Kwa upande wa sindano, kabotegraviri na rilpivirini huchomwa kwenye makalio, moja kila upande. Utafiti wa ATLAS-2M, wenye watu 1,045, ulilinganisha kuchoma kila wiki 4 na kila wiki 8 kwa dozi kubwa zaidi, na walioonekana kuwa na virusi kwenye damu wiki ya 48 walikuwa asilimia 1 kwa kila wiki 4 na asilimia 2 kwa kila wiki 8. Utafiti wa CARES uliofanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512 ukaonyesha kwamba sindano za kila miezi miwili zilifubaza virusi kwa takriban asilimia 97 ya waliochomwa, sawa na vidonge vya kila siku. Julai 2025, wakati wa mkutano wa UKIMWI uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kama chaguo kwa watu ambao virusi vyao vimeshafubaa na hawana homa ya ini B. Ugumu wake kwetu ni kwamba rilpivirini inahitaji friji, na tarehe ya sindano ina nafasi ya siku 7 tu kabla au baada.

Wapo pia wanaopaswa kuongezewa dozi. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huondoa dolutegraviri mwilini kwa kasi, hivyo humeza TLD kisha, baada ya saa 12, kidonge cha pili cha dolutegraviri peke yake, na huendelea hivyo wiki 2 baada ya rifampisini kwisha. Mama mjamzito anayepewa FEFO (vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki) anaweza kuimeza pamoja na TLD akiwa na chakula. Bila chakula, TLD itangulie kwa saa 2 au isubiri saa 6. Na aliyezoea kumeza saa 3 usiku akasahau, akikumbuka kesho yake saa 4 asubuhi ameze papo hapo, kisha usiku aendelee kama kawaida. Akikumbuka saa 12 jioni, ambapo zimebaki saa chini ya 4, asubiri ile ya saa 3 wala asirudishie kwa kumeza viwili.

Mvuvi wangu, tulipozungumza vizuri, hakuwa amechoshwa na kidonge. Kambini hukaa hadi wiki sita, na dawa za mwezi mmoja zilimwishia akiwa ziwani, ndipo "siku nne" zikamvutia kama namna ya kuzirefusha. Kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa kizuri, kwa hiyo alistahili dawa za miezi sita. Nilimpa makopo mawili ya vidonge 90. Akayatikisa moja moja sikioni, akacheka, akaomba pamba.