Tafuta mkutano wa saa ya kilabu

Wanaonijia wakitaka kuacha pombe huanza na swali moja: kikundi kiko wapi? Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mbeya, na kabla sijawajibu huwauliza: wewe unakunywa saa ngapi?

Chukua mtu wa Uyole anayetoka kazini saa kumi na moja, na saa kumi na mbili jioni yuko kilabuni na komoni yake mkononi, siku zote saba. Ukimpeleka kwenye kikundi cha Jumamosi asubuhi, kikao atakipenda, lakini jioni zake zimebaki vilevile. Hamu ya pombe ina saa zake, na saa hiyo ikifika miguu inajua njia yenyewe. Mkutano wa kutafuta ni ule unaoiziba saa hiyo.

Kuna jambo la kutangulia hata mkutano. Kama huamki bila kuzimua, kama mikono inatetemeka usipokunywa, tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4. Watu hufa kwa hali hii, na ndugu husema amerogwa. Hospitalini kuna dawa za kuutuliza mwili na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Nenda huko kwanza, kikundi kitakusubiri.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Vikundi vya kuacha pombe mara nyingi havina mabango, kwa sababu jina la mhudhuriaji halitoki nje ya chumba. Kwa hiyo uliza watu: wahudumu wa afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa, Mbeya au Iringa, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na mchungaji au padri, maana vikao vya namna hii mara nyingi huazima ukumbi wa kanisa. Usione haya. AA yenyewe (Alcoholics Anonymous), ule ushirika wa vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza hivyo hivyo. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha kunywa, alikuwa hotelini Akron, Marekani, biashara imemharibikia na baa iko hatua chache tu. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Simu hizo zikamfikisha kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, na mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa kikundi.

Mkiwa wawili, mkutano upo. Nasema hivi kwa ajili ya watu wa Makete, Ileje na Ludewa, ambako nauli ya kwenda mjini na kurudi ni kibarua cha siku. Mtafute mmoja anayetaka kuacha kama wewe, mpange saa, mkutane.

Kikundi cha kweli utakijua kwa mambo machache. AA haitozi kiingilio wala ada. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Kapu likipita, anayetaka hutoa na asiyetaka hatoi na haulizwi. Hii si VICOBA. Anayekudai pesa ndipo akuombee au akuuzie dawa ya kukufanya uichukie pombe, mwache. Na ukiogopa kuonwa, kwa mfano wewe ni mwalimu na wazazi wote wanakufahamu, panda daladala uende kikundi cha upande mwingine wa mji.

Wenzetu wa Iringa na Njombe wana mtihani wao: ulanzi. Mvua zikishika, mianzi inagemwa na pombe inapatikana kila kona kwa bei ndogo. Nimesikia mara nyingi, "Nakunywa mtogwa tu, ule mtamu." Lakini ulanzi hauachi kuchacha, uliogemwa asubuhi si ule utakaounywa jioni. Msimu huo ongezeni vikao, wala msingoje mtu aanguke.

Wanaonihuzunisha zaidi ni kina mama wanaopika pombe. Unamwambiaje mama akae mbali na kilabu wakati kilabu ni ua wa nyumba yake, na ada ya watoto inatoka kwenye pipa hilo? Kwake mkutano uwe mchana kabla wateja hawajaanza kuingia, tena afisa ustawi amsaidie kujiunga na wenzake waombe mkopo wa wanawake wa halmashauri, apate kazi nyingine. Bila hilo la pili, la kwanza halidumu.

Mikutano ya kwenye simu ipo, na inasaidia ukiwa na bando. Angalia saa tu: kikao cha jioni cha New York kwetu ni saa nane au tisa usiku. Cha Nairobi saa zetu ni zile zile, na huenda ukapata Kiswahili.

Siku ya kwanza, kaa karibu na mlango ukipenda. Hakuna atakayekulazimisha kusema. Ila kabla hujatoka omba namba ya mtu mmoja, na kesho yake, saa ile uliyozoea kwenda kilabuni, mpigie.