"Mungu yuko wapi?": tumjibu nini mtoto wa chuoni

Mtoto wa chuoni, yaani chuo cha Kurani hapa Zanzibar, awe Wete au Mkunazini, akiuliza Mwenyezi Mungu yuko wapi, kwa kawaida huonyeshwa kidole juu, au huambiwa anyamaze asije akakufuru. Kumnyamazisha ndiko kubaya zaidi. Suali hilo wanavyuoni wamelishughulikia kwa karne nyingi, na mzazi hana sababu ya kulikimbia.

Msingi wa jibu umo katika Suratush-Shura, aya ya 11: hakuna chochote mfano wake, naye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Aya imeanza kwa kukanusha mfano, kisha papo hapo ikathibitisha sifa. Kwa hivyo kumtakasa Mola na kufanana na viumbe si kumfanya awe mbali au asiyejulikana. Anasikia, ila kusikia kwake si kama kwetu.

Vyuoni kwetu watoto hukaririshwa sifa ishirini, kwa mpango ulioenezwa na Imam Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490. Ya nne ni mukhalafatu lil-hawadith, yaani kutofautiana kwake na vyote vilivyozuka baada ya kutokuwepo. Watoto huiimba vizuri sana, lakini ni wachache wanaofafanuliwa. Ufafanuzi wake ni huu: mwili, wakati na mahali vyote vimeumbwa. Mungu alikuwepo pasipo mahali, wala hakuhitaji pa kukaa baada ya kupaumba. Ndiyo maana wanavyuoni wa Kiashari, wafuasi wa njia ya Imam Ash'ari, ambao Mashafii wengi wa hapa (Wasuni wa madhehebu ya Imam Shafi'i) huwafuata katika akida, yaani itikadi za dini, husema suali la "wapi" halimfai Muumba kama linavyotufaa sisi.

Basi ile aya ya 5 ya Suratu Taha, Arrahmani (Mwingi wa rehema) juu ya Arshi, kiti cha enzi, istawa, neno ambalo kwa dhahiri yake ni kuwa juu yake? Imam Malik, aliyefariki mwaka 795, aliulizwa istawa vipi. Jibu lake ni mashuhuri: istiwaa inajulikana, namna yake haifikiwi na akili, kuiamini ni wajibu, na kuiulizia namna yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyo ya Kisuni wala ya Kishia, huifasiri istiwaa kuwa ni utawala na uwezo. Waashari wengine hufasiri hivyo, wengine humwachia Mungu maana yake. Wako pia wanaothibitisha kuwa yuko juu kama ilivyopokewa, bila kusema vipi, na hutoa hoja kwa hadithi ya mjakazi aliyeulizwa na Mtume Mungu yuko wapi, akajibu "mbinguni". Mabishano ya barazani hapa huwa makali kuliko tofauti yenyewe, maana wote hao wanakataa kumfananisha.

Tofauti ya kumuona Mungu Akhera ni nzito zaidi. Mashafii hushika Suratul-Qiyama, aya ya 22 na 23, kwamba waumini watamuona, bila upande wala namna. Waibadhi hushika Suratul-An'am, aya ya 103, kwamba macho hayamfikii, na husema kinachoonekana lazima kiwe upande fulani. Nyuso zinazotajwa katika Suratul-Qiyama, kwao, zinangojea malipo ya Mola wao. Ukitazama kwa makini, kila mmoja anachunga utakaso uleule. Zanzibar ya masultani ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kisuni kwa pamoja, na khitilafu hii haikuwazuia watu kuswali safu moja.

Mtoto mwerevu atauliza tena: mbona tunainua mikono juu tukiomba dua? Imam Ghazali alikwisha kujibu kwamba mbingu ni kibla cha dua kama Al-Kaaba ilivyo kibla cha swala, na hakuna anayedhani Mungu anakaa ndani ya Al-Kaaba. Mkumbushe pia sijda: paji la uso likiwa chini kabisa ndipo tunaposema Subhana Rabbiyal-A'la, ametakasika Mola wangu aliye juu kabisa. Na Suratu Qaf, aya ya 16, inasema yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake.

Kwa mtoto wa miaka saba inatosha kumwambia: Mungu yupo, anakuona na kukusikia, na chochote unachokipiga picha kichwani, Yeye sicho. Habari za Arshi na jibu la Imam Malik zingoje mpaka aanze kusoma darsa za akida.