Kabla ya kununua dawa ya kupangusia, tazama madirisha: kliniki ya tiba ya viungo baada ya korona

Wenzangu wanaofungua kliniki ndogo za tiba ya viungo hapa Mombasa na kule Kilifi hunipigia simu wakitaka orodha ya vifaa vya kuzuia maambukizi. Wanangoja niwatajie glavu, dawa na mashine. Mimi huwauliza kwanza madirisha yao yanatazama wapi, na wagonjwa wangapi wamepewa miadi ya saa mbili asubuhi.

Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na miezi ile ya mwanzo kila mtu alihangaikia mikono na meza. Mikono ni lazima ioshwe, hilo halina mjadala. Lakini kazi yetu ina sura yake. Mgonjwa wangu hapiti dirishani akachukua vidonge na kwenda zake. Anakaa dakika 30 hadi 45, mikono yangu iko mwilini mwake, nyuso zetu zimekaribiana, na sehemu kubwa ya muda huo mimi ndiye ninayemtaka aheme kwa nguvu. Anayefanya mazoezi hutoa pumzi nyingi kuliko aliyeketi tu. Kifua kikuu (TB), ambacho nacho husafiri hewani, kilikuwa kimeshatufunza somo hilo, maana Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB. Kliniki iliyopangwa vizuri kwa ajili ya TB ilikuta kazi yake kubwa kuhusu korona imeshafanyika.

Hesabu yenyewe ni hii. Uingizaji hewa hupimwa kwa idadi ya mara ambazo hewa ya chumba hubadilika kwa saa moja. Ikibadilika mara 12, asilimia 99 ya chembe zinazoelea huondoka ndani ya dakika 23. Ikibadilika mara 6, ni dakika 46. Ikibadilika mara 2, ni dakika 138, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya AC mara nyingi hakifiki hata hapo. Kwa hiyo yule anayeacha dakika 15 kati ya mgonjwa na mgonjwa, milango imefungwa, anajifariji tu. AC ya ukutani hunyonya hewa ya chumbani, huipoza, kisha huwarudishia ile ile.

Najua Februari ya Mombasa ilivyo, na wagonjwa wamenilaumu sana. Hata hivyo tulizima AC, tukafungua madirisha ya pande mbili, na feni ya kusimama tukaiweka dirishani ikitazama nje ili itoe hewa. Ukiielekeza kwa watu inaweza kuchukua pumzi ya mgonjwa wa kitanda cha kwanza ikampelekea wa kitanda cha tatu. Chumba chetu kina madirisha kaskazini na kusini, basi feni huhama na msimu: wakati wa kaskazi hukaa upande wa kusini, kusi likiingia tunaihamisha. WHO katika mwongozo wake wa Machi 2021 inataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye kituo cha afya, na lita 10 kwa mtu katika majengo ya kawaida. Huwezi kuziona lita hizo kwa macho, ila kuna kifaa kidogo kinachopima kabonidayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua. Nje husoma zaidi kidogo ya 400 (sehemu kwa milioni). Ndani kikipita 800 tunajua tumejazana, watu wawili wanatoka wakafanye mazoezi ya kutembea barazani.

Jambo lililotusumbua kuliko yote lilikuwa mapazia, na sijaona mwongozo wowote unaolizungumzia kama inavyopaswa. Upepo unataka chumba kiwe wazi. Mama aliyekuja kutibiwa nyonga anataka stara, na ana haki nayo. Pazia zito kutoka darini hadi sakafuni hugeuza kila kitanda kuwa chumba kisicho na dirisha. Hapo ndipo nilipokuwa nasimama nusu saa na mgonjwa anayehema. Tulijaribu mapazia mafupi, yaani yanayoacha nafasi juu na chini, na yalisaidia. Kilichofaa zaidi ni ratiba: asubuhi za siku fulani ni za wanawake peke yao, wahudumu wote wanawake, mlango unalindwa, mapazia yamefunguliwa yote na upepo unapita. Wagonjwa waliipenda, na baadhi yao walikuwa wakikosa kuja zamani kwa sababu ya haya wala si ya ugonjwa. Kwa wanaovaa nikabu, tulieleza kwa upole kwamba kitambaa kinachoning'inia hakizibi kandokando, hivyo barakoa ivaliwe chini yake.

Miadi nayo ilibidi ifumuliwe. Zamani watu walikuja alfajiri, wakaketi kwenye benchi moja mpaka waitwe. Tulihamia kwenye simu: jioni ya kuamkia miadi tunauliza kuhusu homa, kikohozi na mgonjwa nyumbani. Simu hiyo ilinasa watu wengi kuliko kile kipima joto cha paji la uso, ambacho hakimwoni asiye na homa wala aliyemeza panadol asubuhi. Mgonjwa wa kiharusi aliyezoea kusindikizwa na wana watatu alibaki na mmoja, na awe yule yule kila mara, kwa sababu huyo ndiye atakayefundishwa kumgeuza kitandani.

Lakini kuwapunguza watu kuna hatari yake. Kati ya Aprili na mapema Julai 2020 amri ya serikali iliwazuia wa Kwale na Kilifi kuvuka kuja Mombasa, matatu za abiria 14 zilibeba 8 na nauli ikapanda, na kafyu ikafuta miadi ya jioni ya watu wa kazini. Mtoto wa miguu kifundo, yaani aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, hubadilishwa plasta ngumu kila wiki. Ukimkosa mwezi, mguu unaanza kurudi ulikotoka. Kovu la moto kiwikoni hujikunja, halingoji amri ya serikali iondolewe. Ndiyo maana tuligawa wagonjwa kwa kuangalia nani ataharibika akisubiri: kiharusi kipya, waliotoka upasuaji, plasta za watoto na majeraha ya moto waliendelea kuja. Wenye maumivu ya mgongo ya miaka na magoti ya uzeeni walihudumiwa kwa WhatsApp, pale ambapo simu haikuwa ya mwana aliyeko kazini. Video inatosha kwa goti. Kumfundisha mtu kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kitini kwa video, sikubali.

Shughuli za kifua, hasa kumkohozesha mgonjwa atoe makohozi, tulizipeleka nje au mwisho wa siku, mhudumu akiwa na barakoa ya kuchuja hewa ya N95 iliyomkaa sawasawa. Huo utaratibu haujabadilika hata baada ya WHO kutangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023.

Kuhusu kupangusa: klorini ya dukani ya asilimia 3.5 ukiichanganya kipimo kimoja kwa maji vipimo 34 unapata asilimia 0.1, inayotosha kwa vitanda na vishikio. Changanya kila siku, pangusa kwa kitambaa, usipulize hewani, na kamwe usimpulizie mtu. Chuma na ngozi ya kitanda huchakaa kwa klorini, kwa hiyo malizia kwa maji. Shuka ni suala jingine. Kenya ilipothibitisha mpox (homa ya nyani) kule Taita Taveta mwishoni mwa Julai 2024, niliwaambia wahudumu kwamba safari hii ngozi na nguo ndizo za kuangaliwa zaidi: shuka ya mgonjwa mmoja haimgusi mwingine, na upele usioeleweka hausuguliwi mafuta. Kila ugonjwa una njia yake ya kusafiri, nasi tunaweka ulinzi kwenye njia hiyo.

Mhudumu anayelipwa kwa siku atakuja kazini akikohoa. Mlipe siku za ugonjwa.

Halafu wapo waliopona korona lakini hawakupona. WHO huwaita wenye hali ya baada ya korona pale dalili zinapoendelea kiasi cha miezi mitatu tangu ugonjwa uanze, zikiwa zimedumu angalau miezi miwili bila sababu nyingine. Mafunzo yetu yote yanatusukuma kumwongezea mtu mazoezi kidogo kidogo, na kwa baadhi ya hawa huko ni kuwadhuru. Anafanya vizuri mbele yako leo, kesho au keshokutwa analala kitandani hawezi kuchana nywele. Shirika la kimataifa la fani yetu, World Physiotherapy, lilionya hivyo mwaka 2021. Kabla ya zoezi lolote namuuliza anajisikiaje siku mbili baada ya kufua au kupanda ngazi. Namvalisha oksimita (kipima oksijeni ya damu) kidoleni, anasimama na kuketi tena na tena kwa dakika moja. Oksijeni ikishuka kwa asilimia 3 au zaidi, tunasimama hapo hapo na anaenda kwa daktari. Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, vivyo hivyo. Mtu mzima ambaye mapigo yake ya moyo kwa dakika yanapanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, namwanzisha akiwa amelala au ameketi, na namwandikia daktari barua. Wengine wanaondoka na daftari la kugawa kazi za siku na mapumziko yaliyopangwa kabla ya kuchoka. Hulalamika kwamba hawajalipa nauli kuja kufundishwa kupumzika. Nawaomba walijaribu daftari hilo wiki mbili, kisha tuangalie pamoja ni siku zipi walianguka na walifanya nini siku iliyotangulia.