Vigae vya abasia za Uingereza: tunavyodhani na ilivyokuwa

Mtu akiona zile sakafu za abasia (nyumba kubwa za watawa) za karne ya 13, vigae vya kahawia vyenye simba na maua ya njano, cha kwanza anasema watawa walikaa chini wakavichora kimoja kimoja kwa brashi. Hamna brashi pale jamani.

Fundi anachukua udongo mwekundu, anaukata mraba, anaacha ukauke nusu, halafu anaugandamiza na muhuri wa mbao uliochongwa simba au ua. Pale panabaki bonde la umbo lile, analijaza udongo mweupe, anakwangua juu pawe sawa, anapaka glezi ya madini ya risasi, ule utando unaong'aa kama kioo, ndo kinaenda kwenye tanuru. Ile glezi ina unjano, kwa hiyo mweupe unatoka rangi ya asali na mwekundu unageuka kahawia. Akitaka kijani anatia shaba. Na vile udongo mweupe umezama milimita kadhaa, viatu vikisugua miaka na miaka glezi inaisha ila simba bado yupo, rangi ya kupaka ingeshatoka zamani.

Haya, watawa ndo walitengeneza? Wachache kweli, na mmoja alileta kesi: mwaka 1210 wakuu wa Wasitoo (shirika la watawa, Cistercian) walimwadhibu abate, yaani mkuu wa abasia, wa Beaubec, Ufaransa, kwa kumwachia mtawa wake kwa muda mrefu awatengenezee sakafu za mapambo watu wa nje. Yaani jamaa alikuwa anapiga dili! Ila kazi nyingi ilikuwa ya mafundi wa kulipwa, na kufika karne ya 14 kijiji cha Penn, Buckinghamshire, kilikuwa kinafyatua vigae kibiashara mpaka vya kasri la Windsor.

Halafu kuna hii ya kwamba picha zote ni za dini. Nenda abasia ya Cleeve, Somerset, sakafu ya ukumbi wa chakula imejaa nembo za mfalme Henry III na za de Clare, ukoo wa makabaila, mapesa na siasa tupu. Abasia ya Chertsey ndo kabisa, kuna hadithi ya mapenzi ya Tristan na Isolde, na mfalme Richard wa Uingereza anamchoma mkuki Saladin, sultani aliyepigana naye vita vya msalaba, wakati Richard na Saladin hawakuwahi hata kuonana ana kwa ana. Tena picha za watakatifu sakafuni zilikuwa na shida yake, mtakatifu Bernard alishalalamika kwenye miaka ya 1120 kwamba watu wanaitemea picha ya malaika mate usoni.

Wengine wanasema mfalme Henry VIII alipofunga abasia, 1536 hadi 1540, vyote vikaisha. Vingi ndiyo, ila vya Cleeve vilishafukiwa kabla, karne ya 15 walipojenga ukumbi mpya, na vya ukumbi wa mikutano pale Westminster Abbey vilikaa chini ya sakafu ya mbao mpaka karne ya 19.

Na ukikuta kanisa la Uingereza lina vigae vinang'aa, vyote sawasawa, kingo zimenyooka kama rula, usikimbilie kusema ni vya kale. Uwezekano mkubwa ni kazi ya viwanda vya karne ya 19, kama cha Herbert Minton, aliyefufua ufundi huu kwa mashine na kuuza vigae mpaka kwa bunge la Marekani. Vya zamani havilingani, vingine vina nyayo za mbwa aliyekatiza udongo ukiwa bado mbichi.