Mche wa kikonyo ni kloni: ujue unachopanda na unachoogopa

Wakulima wa Hai, Moshi Vijijini na Arumeru wakiona miche ya kahawa ya vikonyo, yaani vipande vya shina vilivyooteshwa mizizi, huuliza kama ndiyo ile iliyochezewa vinasaba. Siyo. Kubadilisha vinasaba ni kuingiza au kuhariri maelekezo yaliyomo ndani ya seli. Kloni ni kiumbe chenye vinasaba vilevile vya mzazi mmoja. Anayeng'oa chipukizi la mgomba kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, akampa jirani ametengeneza kloni, tena bila maabara. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda, kwa hiyo uzao wake wote hupita njia hiyo.

Kwa kahawa sababu ni nyingine. Aina za arabika zinazostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) huko Lyamungu, zilipatikana kwa kuchavusha mibuni yenye sifa tofauti. Ukichukua mbegu za mbuni chotara, watoto hawafanani: mmoja hurithi ukinzani, mwenzake huukosa. Kikonyo hukupa mti uleule.

Mti mama huinamishwa ili utoe maotea mengi, yaani machipukizi ya shina. Kikonyo hutoka kwenye otea lililosimama wima, kamwe si kwenye tawi la pembeni. Kosa hili ni ghali kwa sababu halionekani mapema: kikonyo cha tawi la pembeni hutoa mizizi vizuri tu, lakini mmea wake huendelea kukua kwa kulala na hauwi mti. Otea liwe la kijani. Ncha laini mno huoza, na shina lililoanza kuwa na gome hukawia kutoa mizizi. Kila pingili ina majani mawili yanayotazamana; ikipasuliwa katikati kwa urefu hutoa vikonyo viwili, kila kimoja na jani lake. Jani likatwe libaki nusu, maana likiachwa zima hupoteza maji mengi, na likiondolewa lote mizizi hukosa chakula. Chini bakiza shina la sentimita 5 hivi, likatwe mshazari kwa kisu kikali. Kisu butu huponda shina, na ukungu huanzia hapo.

Vikonyo huchomekwa kwenye mchanga safi usiotuamisha maji, vikafunikwa kwa nailoni iliyobana, na juu pakawa na kivuli. Kikonyo kisicho na mizizi hutegemea unyevu wa hewa. Nailoni ikichanika siku ya jua kali, kitalu kizima kinaweza kunyauka kabla ya jioni. Maji yakizidi nayo, shina huwa jeusi chini. Mizizi huchukua kama miezi 3, kisha mche huhamishiwa kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) na kuzoezwa jua kidogo kidogo. Mche ukifika shambani, kumbuka kwamba hauna mzizi mkuu kama wa mche wa mbegu, hivyo matandazo na maji wakati wa kiangazi cha mwanzo si hiari.

Hatari kubwa ya kloni ni kufanana kwenyewe. Mashamba ya ndizi aina ya Gros Michel huko Amerika ya Kati yalifutwa na mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu unaokaa udongoni, kufikia miaka ya 1960, kwa kuwa ugonjwa uliouweza mgomba mmoja uliiweza yote. Changanya aina kadhaa za kahawa shambani, hata kama moja inazaa kuliko nyingine. Migomba ya maabara nayo hutoka bila ukungu wala minyoo, ila virusi vinaweza kupita iwapo mti mama haukupimwa. Na ukiupanda mgomba safi kwenye udongo wenye mnyauko, utaugua.

Kwa wanyama, tusichanganye mambo. Uhimilishaji, yaani kumpandishia jike mbegu za dume bila dume kuwepo, kama ule unaotumia mbegu za madume wa kituo cha Usa River, si kloni: kila ndama ana baba na mama. Kloni ya mnyama huhitaji yai lililotolewa kiini, kisha liunganishwe na seli ya mnyama anayenakiliwa. Dolly, kondoo aliyezaliwa Scotland Julai 1996 kutokana na seli ya kiwele, alipatikana baada ya kujaribiwa mayai 277. Viinitete (mimba changa kabisa) 29 tu ndivyo vilivyofaa kupandikizwa kwa kondoo 13, na akazaliwa mmoja. Kikonyo kikifa unakitupa. Mimba ikiharibika, au ndama akizaliwa mkubwa kupita kiasi, mnyama ndiye anayeumia. Kwa maoni yetu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa hana sababu ya kulipia njia hiyo wakati uhimilishaji upo.

Kwa binadamu hesabu hiyo ya Dolly peke yake inatosha kukataa, kwani hakuna mama wala mtoto anayepaswa kubebeshwa hasara ya namna ile. Na hata ingefaulu, isingemrudisha marehemu. Paka wa kwanza wa kloni, aliyezaliwa Texas mwaka 2001, hakufanana rangi na aliyenakiliwa, kwa kuwa mpangilio wa rangi za manyoya hauamuliwi na vinasaba pekee. Mapacha wa kufanana nao wana vinasaba vilevile, lakini kila mmoja ni mtu wake. Tamko la UNESCO la mwaka 1997 linakataza kloni ya kuzalisha binadamu, na Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko lake mwaka 2005 kwa kura zilizogawanyika, hasa kuhusu viinitete vya utafiti wa tiba. Matamko hayo hayafungi nchi kisheria. Katazo lenye adhabu hutegemea sheria ya kila nchi.