Je, wajua kwa nini alama ya kidole hupasua kioo cha leza?

Leza ya faiba (ambayo mwale wake huzalishwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo) ya kilowati 6 inakata bamba la chuma huku mwale wake wote ukipita kwanza kwenye kioo kidogo, na kioo hakidhuriki. Kishike kioo hichohicho kwa kidole chenye mafuta, kirudishe, washa mashine: huenda kikapasuka hata kazi ya kwanza haijaisha.

Kwa muda mrefu swali hili nililijibu vibaya. Nilidhani kioo kimetengenezwa kuvumilia moto, kama tofali la tanuru, na kwamba uchafu unakidhoofisha. Sivyo. Hakivumilii joto kwa sababu hakuna joto la kuvumilia. Mwale wa leza ni mwanga, na mwanga hugeuka joto pale tu unapomezwa. Acha gari juani saa saba mchana: kioo cha mbele utakigusa, lakini kiti cheusi hakikaliki, na kichwa cha mkanda kitakuunguza. Jua ni lilelile, tena kiooni ndiko lilikopita kwanza. Jambo hili nililijua tangu nikiwa mtoto. Kulihamishia karakanani ndiko kulikonishinda.

Kioo safi cha silika, madini ya mchanga, kikimeza sehemu moja tu kati ya 10,000 ya kilowati 6, kinabaki na wati 0.6, joto dogo linalojiondokea. Kikichafuka kikameza asilimia moja, hizo ni wati 60: ile balbu ya zamani isiyoshikika, imebanwa kwenye doa moja.

Na doa halitulii. Fikiria sufuria yenye tone la mafuta yaliyogandia. Moto wa kwanza unayafanya kahawia, wa pili meusi. Kwenye kioo cha leza, weusi ndio mlo wenyewe: doa likiwa jeusi zaidi linameza mwanga zaidi, likimeza zaidi linazidi kupata moto, na moto unazidi kuliunguza. Katikati ya kioo inatanuka, kingo bado baridi, kinapasuka. Si kila punje ya vumbi huleta msiba, maana nyingine huungua zikatoweka; cheche ya chuma iliyonata ni habari nyingine.

Kabla ya kupasuka kuna dalili ya ajabu. Kioo kilichopata joto katikati huanza kufanya kazi ya lenzi ambayo hakuna aliyeiagiza: kinakusanya mwale karibu zaidi, fokasi, yaani pale mwale unapokusanyika, inapanda, na ukingo wa chuma unatoka na makovu. Fundi analaumu gesi, anabadilisha nozo (mdomo unaopulizia gesi hiyo kwenye chuma), anapunguza mwendo, kumbe mkosaji yuko juu.

Ndiyo maana chini ya lenzi halisi ya mashine, ile inayokusanya mwale, huwekwa kioo cha kinga, cha bei nafuu, kife badala yake. Hubadilishwa leza ikiwa imezimwa, kwa glavu safi, na tundu lake huzibwa mara moja ili vumbi la karakana lisiingie.

Mwanafizikia Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California mwaka 1960. Lakini kuna kifaa cha zamani zaidi ya leza kinachopitisha mwanga karibu bila kuumeza: jicho. Mwale wa leza ya faiba, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1,070 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), hauonekani. Hupenya konea, utando angavu wa mbele ya jicho, na lenzi ya jicho karibu kama unavyopenya kioo safi, hukusanywa, kisha hufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo ndiyo kiti chetu cheusi. Mwale wa leza ya kaboni dioksidi, wa nanomita 10,600, humezwa na konea papo hapo, ukaiunguza. Vivyo hivyo, kifuniko cha akriliki angavu hummeza huyu wa pili na kumruhusu yule wa kwanza apite. Kwa macho ni plastiki ileile, na miwani ya kinga iliyonunuliwa kwa ajili ya mashine moja inaweza isizuie chochote mbele ya nyingine.