Je, wajua kwa nini msanii Mroma alizishona upya picha zilizowasema vibaya Waroma, jamii ya Ulaya iliyozoeleka kuitwa "Gypsies"?

Jamii ikichorwa vibaya, wengi hudhani dawa ni kuitupa picha ile na kuchora nyingine isiyofanana nayo. Małgorzata Mirga-Tas, Mroma wa Poland, alizichukua zilezile akazishona kwa vitambaa, kubwa kama ukuta.

Asili yake ni michoro ya msanii Jacques Callot wa Lorraine (leo ni Ufaransa), karne ya 17: msafara wa Waroma, farasi, watoto, mizigo. Chini kuna beti, na mmojawapo unawaonya wanaofurahia maneno ya watu hawa wachunge fedha zao. Michoro hii ilisomwa kama ushahidi, hasa kwa kuwa inasimuliwa kwamba Callot alitoroka nyumbani utotoni akafuatana na Waroma hadi Italia. Hadithi tamu, uthibitisho kiduchu. Na hata kama aliwaona, jicho halioni ubeti. Dhana ya Mroma mzururaji asiye na kwao ilibaki, ingawa Waroma wengi wa Ulaya leo wana makazi ya kudumu. Hata ile ya kwamba hawaandiki haisimami: Mroma Matéo Maximoff alitoa riwaya mwaka 1946, na Ceija Stojka, Mroma aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, alichapisha kumbukumbu zake 1988.

Sasa, kushona upya kunabadilisha nini? Chukua kanga mbili zenye pindo moja na mji mmoja, ila majina tofauti. Ya kwanza inamkaribisha mgeni, ya pili inamsema jirani. Maua ni yaleyale, lakini ukitoka na ya pili mtaa mzima unajua kuna ugomvi. Mirga-Tas aliondoa jina, yaani ubeti, akabakiza msafara. Kisha watu wa Callot, waliokuwa weusi na weupe tu, akawavika rangi kwa vitambaa vilivyokwisha kutumika, vingine kutoka kwa ndugu na marafiki zake. Mtu aliyechorwa kama mfano wa kabila zima anaanza kuonekana kama shangazi wa fulani. Kama mtazamaji anatoka amebadilika, hilo ni gumu kupima.

Kazi hiyo ya paneli 12 ilitundikwa mwaka 2022 katika banda la Poland, Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa nchini Italia. Maonyesho hayo yalianza 1895. Yeye ndiye Mroma wa kwanza kuwakilisha nchi katika banda la taifa. Msafara wa Callot umepewa safu ya juu. Safu ya chini ni maisha ya kila siku ya Czarna Góra, kijijini kwake.